Birika la Mama Mkunga

Kazi yangu katika gari la Theodosia ilikuwa kushika dumu. Wenzangu wakipanda gari wanasinzia au wanatafuna mahindi. Mimi nilikaa kiti cha mbele nimepakata dumu la maji, kitenge kimelowa kuanzia mapajani hadi magotini, nikingoja gari lichemshe. Nalo lilikuwa halikosi kuchemsha. Watoto wa Nyabusozi waliliita Birika. Wakiliona kwa mbali wanakimbilia barabarani na kulitaja jina hilo kwa sauti, na mwenye gari anawapungia mkono kwa furaha, maana huyo hajui kutukanwa.

Lazima nimweleze mwenyewe kwanza, kwa sababu gari lile huwezi kulielewa bila yeye. Theodosia ni mkunga mstaafu. Ni Mhangaza wa Ngara. Alipangiwa zahanati ya kwetu akiwa msichana, akaja na sanduku la bati, akasema atakaa kidogo tu halafu aombe uhamisho. Akazeekea hapa. Hakuolewa, hakuzaa, lakini nusu ya watu wa kata hii walitokea mikononi mwake, na hiyo nusu nyingine ni wale waliomtangulia kufika. Mimi ni Rozina, jirani yake, Msukuma. Wazazi wangu walihamia huku kutoka Shinyanga pamoja na ng'ombe wao. Watoto wangu wote aliwapokea yeye, mmoja wao katikati ya mvua kubwa, bila taa. Kwa hiyo akisema, "Rozi, twende," mimi siulizi wapi. Natafuta dumu.

Alipostaafu alinunua gari dogo jeupe la Kijapani, kuukuu, lililokwisha kupita kwa watu kadhaa kabla ya kumfikia. Alijifunza kuendesha uzeeni, polepole na kwa adabu. Tatizo halikuwa uendeshaji wake. Tatizo, au niseme jambo lenyewe, ni kwamba mtu wa namna ile hawezi kupita barabarani kama watu wengine. Kila nyumba ina mtu wake. Akiona kichwa kinachungulia kwenye migomba, mguu unakwenda wenyewe kwenye breki. Anashusha kioo, anaanza. Mhangaza mwenzake anamsalimia kwa Kihangaza, Mrundi kwa Kirundi, na sisi kwa Kisukuma kibovu kinachowafurahisha sana wazee wetu. Anauliza habari za mama, za mtoto aliyekwenda kusoma, za mbuzi aliyevunjika mguu, na kila jibu analingoja mpaka liishe. Halafu mtoto analetwa dirishani, aonekane alivyokua.

Na gari linanguruma muda wote huo. Hilo msilishangae. Huku kwetu ukizima gari mbele ya nyumba ya mtu, umefika. Ukishafika wewe ni mgeni, na mgeni haachwi aondoke na njaa: kigoda kitatolewa, moto utawashwa, kuku atafukuzwa uani, na ukikataa utakuwa umeidharau nyumba nzima. Lakini gari likinguruma, kila mtu anaona kwamba unapita tu. Basi Theodosia alikuwa anapita tu, nusu saa hapa, nusu saa pale.

Ugonjwa wa kuchemsha ulianza baada ya masika ya mwaka juzi. Tuko njiani, mara sindano ya joto inapanda, mara mvuke unatoka chini ya boneti, mara mimi nashuka na dumu. Tunangoja lipoe, tunamwaga maji, tunaendelea. Nilikasirika, nilinuna, nilisema sipandi tena, na kesho yake nikapanda.

Tungevumilia hivyo hivyo kama isingekuwa habari ya ushangazi. Theodosia ana mdogo wake wa kiume, Celestini, anayekaa Ngara mjini, kule juu mlimani. Celestini ana mabinti wawili. Katika ukoo wao, siku wakwe wanapokuja, binti hatoki ndani mpaka shangazi yake mkubwa amshike mkono, amtoe nje na kusema mbele ya watu wote, "Huyu ni wetu." Kabla ya hapo hakuna kinachoanza. Kwa mwanamke aliyepokea watoto wa watu maisha yake yote, na wa kwake hana, neno hilo si dogo.

Siku ya binti wa kwanza, Clarisse, tulifika jua limekwisha kupinda, gari linafuka mvuke, tukakuta ameshatolewa na Nyirabahizi. Huyu Nyirabahizi ni binti wa baba yao mdogo, mwanamke wa sauti kubwa na vitenge vingi, na tangu siku hiyo hajafunga mdomo. Msibani anasimulia. Kwenye ubatizo anasimulia. Mkono wa Clarisse ulikuwa wa baridi, anasema, nikaupasha joto mimi. Theodosia anasikiliza na kutabasamu, halafu akifika nyumbani hali chakula.

Sasa ikafika zamu ya Uwase, binti wa pili na wa mwisho. Celestini alipiga simu, na kwa kuwa Theodosia hupokea simu kwa sauti ya juu, nilisikia kila kitu nikiwa kwenye mlango wake.

"Dada, wakwe wanafika saa sita mchana Jumamosi ile. Safari hii siwezi kuwaweka watu juani. Usipokuwepo, Nyirabahizi atamtoa."

"Nitakuwepo."

"Na hiyo Birika?"

"Gari itakuwa imepona."

Alipokata simu akasema, "Rozi, baada ya Uwase hakuna mwingine." Hakulia, lakini nilimjua, na roho iliniuma sana.

Nikamwambia apande basi. Akanitazama kama mtu niliyemtukana. Shangazi haendi mikono mitupu, anakwenda na mikeka, vikapu na vibuyu, na basi la Ngara linaondoka likijisikia. Hapo nikakubali kwamba ana haki. Ikabidi gari litibiwe.

Tukaenda Nyakanazi kwa Fabiani. Fabiani amezaliwa pale pale njia panda, katikati ya malori na nyumba za wageni, na sauti yake imekomaa kwa kushindana na injini. Anatengeneza malori yanayokwenda Rwanda na Burundi. Gari dogo kwake ni mzaha. Alipotuona tunaingia gerejini kwake alicheka kabla hatujasimama.

"Shikamoo mama. Hii ndiyo Birika?"

"Marahaba. Hili ni gari langu."

"Kesho halitachemsha. Mimi nimeshaponya malori ya tani thelathini."

Akaanza na kifuniko cha rejeta, akasema kimelegea, hakibani mvuke. Akatia kipya. Likachemsha. Akaja kwenye themostati, kidude kinachofungua na kufunga njia ya maji kwenye injini. Akakitoa, akakirusha kwenye lundo la vyuma, akasema nchi ya joto haikihitaji. Nani alimwambia Ngara ni nchi ya joto, sijui. Likachemsha. Mara ya tatu akaishusha rejeta yenyewe, akaiosha mpaka ikatoa maji ya rangi ya chai, akajaza maji maalumu ya kijani, akaapa kwa jina la mama yake. Likachemsha, ila safari hii mvuke ulinukia vizuri.

Kilichomtia wazimu ni kwamba akiliendesha mwenyewe lilikuwa halichemshi. Alilikimbiza kwenye lami, akaenda mbali, akarudi, akaweka kiganja juu ya boneti na kutuonyesha. Mwisho akasema maneno ambayo hakupaswa kuyasema.

"Mama, samahani, gari haina kitu. Labda ni uendeshaji."

Theodosia ni mpole, lakini siku hiyo alivua miwani. "Mwanangu, mimi naendesha kwa mwendo wa mtu anayeendesha baiskeli. Unataka niende polepole kuliko hivyo?"

"Basi nieleze vizuri. Inachemshia wapi?"

"Kwa Mashimba."

"Kwa Mashimba kuna mlima?"

"Hapana, pale ni tambarare kabisa."

"Wapi tena?"

"Kwa mama Irambona. Kwa Esperansia. Na kwa Danstan, ila kwa Danstan ni pale mke wake akiwepo."

"Mama! Nakuuliza mlimani au bondeni, wewe unanitajia watu."

"Umeuliza inachemshia wapi, nimekujibu inachemshia wapi."

Fabiani akajishika kichwa. Na mimi, niliyekaa ndani ya gari hilo nimelowa muda wote huo, sikuelewa zaidi yake. Tukaamua apande nasi mpaka Nyabusozi alione likiugua kwa macho yake. Akakaa kiti cha nyuma, shingo ameinyoosha katikati yetu, anaitazama sindano kama mwalimu anayesimamia mtihani.

Kwenye lami sindano ilitulia chini. Kwenye vumbi ikatulia. Fabiani akaanza tena kutabasamu. Tukafika kwa Mashimba, ambaye ni shemeji yangu, mfugaji, na kusalimiana naye ni kusalimiana na zizi zima. Alikuwa amesimama kando ya njia na fimbo yake begani.

"Mwangaluka, Mama Mkunga! Gali limepona?"

"Mwangaluka! Fundi huyu hapa, anasema limepona. Habari za nyumbani?"

Habari za nyumbani zikatolewa. Zikafuata za mke, za watoto wakubwa, za wadogo, za jirani aliyeumwa jino. Tukaingia kwenye ng'ombe. Fabiani akamgusa Theodosia bega.

"Mama, sindano."

"Subiri mwanangu, bado hatujafika kwa ndama."

Kabla ya ndama mvuke ukatoka. Nikaanza kushuka na dumu langu, lakini Fabiani alishanitangulia. "Usizime!" akapiga kelele. Akafungua boneti injini ikinguruma, akainama, akanyamaza. Fundi yule kunyamaza ni jambo la kutisha. Halafu akaruka juu.

"Feni! Feni haizunguki!"

Waya wa feni ulikuwa umetafunwa ukakatika. Hapo Theodosia akasema kwa aibu kidogo kwamba gari linalala ghalani, karibu na mahindi, na panya wako wengi. Nami nikamuuliza Fabiani, mara zote tatu alizofungua boneti hiyo, alikuwa anaangalia nini. Yeye akawa anaeleza kwa sauti kwa watu wote waliokwisha kukusanyika, na ng'ombe wawili.

"Gari ikikimbia, upepo wa barabarani ndio unaopoza rejeta. Ikisimama huku inanguruma, upepo hakuna, feni ndiyo inayopuliza. Mimi nikiijaribu sisimami popote. Mama huyu anasimama kila nyumba!" Akamgeukia. "Sasa mama, kama unasimama kuongea nusu saa, mbona huzimi gari?"

Mashimba akamtazama kwa huruma, jinsi unavyomtazama mtu ambaye hakulelewa.

"Akizima," akasema, "si amefika?"

Mke wake, aliyekuwa mlangoni na amesikia neno kuzima tu, alikuwa ameshaanza kumwangalia jogoo. Ikabidi Theodosia akanyage mafuta kwa nguvu, injini ivume, ili yule mama atulie.

"Basi dawa ni mbili," Fabiani akasema. "Tuunge waya, au uache hivyo hivyo, lakini ukiona sindano inaanza kupanda, uondoke mara moja. Ukiwahi kuondoka, upepo utaipoza, haitachemsha."

"Niondoke mtu akiwa anaongea?" Theodosia akauliza. "Unga waya."

Akauunga pale pale, akauzungushia utepe mweusi. Feni ikavuma, sindano ikashuka yenyewe mbele ya macho yetu, na Theodosia akapiga makofi kama mtoto. Akamshika Fabiani mkono akamwambia Jumamosi ya Uwase atakwenda nasi Ngara, akale, na gari likichemsha atamkamata shati yeye fundi. Fabiani akakubali kwa majivuno makubwa.

Jumamosi hiyo tuliondoka umande haujakauka. Theodosia amevaa kitenge cha zambarau na mkufu wa rozari, Fabiani nyuma amebanwa na mikeka na vibuyu, mimi mbele na dumu langu, kwa mazoea tu. Nilikuwa na furaha. Nilijua tutafika mapema, nilikuwa nimeshapanga nitakavyomtazama Nyirabahizi.

Kwa Mashimba tukasimama. Sawa, Mashimba alihusika, alikuwa na haki ya kuiona feni iliyounganishwa mbele ya nyumba yake. Theodosia akafungua boneti, familia nzima ikapita mmoja mmoja kuitazama. Kisha salamu. Na safari hii tulifika kwa ndama. Tulimaliza ndama, tukaenda kwenye mashamba, tukaingia kwenye habari za watu waliobaki Shinyanga. Feni ilikuwa inavuma kwa utulivu, sindano imelala. Nilianza kuhisi kuna kitu hakiko sawa, ila sikukijua bado.

Nilikijua kwa mama Irambona. Huyu ni mama wa familia iliyotoka Burundi zamani, na Irambona na pacha wake walizaliwa usiku mmoja mgumu ambao mama huyo hupenda kuusimulia tangu mwanzo. Siku zote hatujawahi kuusikia mpaka mwisho, kwa sababu mvuke ulikuwa unatoka katikati, tunapiga kelele, tunamwaga maji, tunaagana. Siku hiyo hakuna kilichomkatiza. Nilisikia pacha wa pili alivyozaliwa, kwa mara ya kwanza, na ni hadithi nzuri kweli, lakini jua lilikuwa limeshapanda juu ya migomba.

"Mama Mkunga," nikamnong'oneza, "Uwase."

"Naona, Rozi, namalizia," akasema, na akamuuliza mama Irambona hali ya wajukuu.

Hapo ndipo nikaelewa tulichokifanya. Theodosia hana namna ya kumaliza salamu. Hakuzaliwa nayo. Tangu lianze kuchemsha, gari ndilo lililokuwa linamwondoa, na sisi wajinga tumeliponya.

Kwa Esperansia mambo yakawa mabaya kabisa. Esperansia anakaa ukingoni mwa barabara, karibu na lami, na alikuwa nje na binti yake na mjukuu wake, wote wawili wamepokewa na Theodosia. Akaanza na goti lake linalomsumbua. Nikageuka nyuma. Fabiani, mtu wa njia panda ambako hakuna anayemsalimia mtu, alikuwa anatoka jasho.

"Tutachelewa," akaninong'oneza. "Watasema ni gari. Watasema Fabiani kashindwa."

"Fabiani, ulisema likikosa feni lazima tuondoke."

Akanielewa papo hapo, nikaona anavyoumia. "Mama Rozi, siwezi kuharibu kazi yangu mwenyewe."

"Utaiunga jioni. Shuka."

Akashuka. Akasema kwa sauti kwamba anaangalia oili, akafungua boneti. Mimi nikamwuliza Esperansia hilo goti ni la kulia au la kushoto, nikaonyeshwa yote mawili. Kule mbele mvumo wa feni ukakatika. Fabiani akarudi kitini na uso wa mtu aliyekula sadaka ya kanisa, tukakaa tunaitazama sindano. Sijawahi kuomba kitu kiharibike kama nilivyoomba siku hiyo. Ikatikisika. Ikaanza kupanda.

"Mama, sindano!"

Theodosia akaitazama. Akaitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Kisha akamgeukia Esperansia na kufungua mikono.

"Jamani mwenzangu, gari limeanza tena. Siwezi kusimama, fundi atanigombeza."

"Nenda, nenda!" Esperansia akasema, akirudi nyuma na mjukuu wake. "Lisije likakulipukia! Salimia Ngara!"

Hakununa hata kidogo. Tukaingia kwenye lami, upepo ukapiga rejeta, sindano ikashuka.

Kuanzia hapo safari ikawa na utaratibu. Nyakanazi mama ntilie watatu walimwita kwa majina yake yote, tukasimama, sindano ikapanda, tukaondoka, wakatupungia vijiko. Mahali pengine tulimkuta mzee anayechunga mbuzi, tukasimama, akaanza salamu ya Kihangaza, "Mwaramu..." na sindano ikapanda, tukaondoka, neno akalimalizia kwenye vumbi letu. Kila mara Theodosia alisema samahani, gari, na kila mara watu walilisikitikia gari. Malori yalitupita, mabasi yalitupita, lakini tulikuwa tunakwenda.

Ukabaki mlima wa Ngara. Kwenye mlima gari linakwenda polepole, injini inafanya kazi kubwa, na upepo ni mdogo. Sindano ikapanda bila salamu yoyote. Nikamtazama Fabiani, Fabiani akatazama dirishani. Kusimama ili kuunganisha waya ilikuwa ni kujitangaza, na tena kila dereva wa bodaboda kwenye mlima ule ana mama yake anayemfahamu Theodosia.

"Mama, fungua hita," akasema. "Yote, mpaka mwisho."

"Hita? Na jua hili?"

"Itatoa joto la injini iingize humu ndani. Fungua."

Akafungua. Mungu wangu. Tulipanda mlima wa Ngara na upepo wa jiko usoni, vioo vyote wazi, zambarau ya Theodosia ikawa nyeusi kwa jasho, poda yangu ikashuka shingoni, na Fabiani nyuma amekumbatia vibuyu anaomba kimoyomoyo. Sindano ilisimama kwenye mstari mwekundu, haikuvuka.

Tulipoingia uani kwa Celestini turubai lilikuwa limejaa. Wakwe wamekaa safu upande mmoja, wametulia, wametazama mlango wa nyumba. Celestini alikuwa amesimama akitazama saa yake. Na mlangoni, amevaa kitenge cha dhahabu, mkono wake umeshashika kitasa, alikuwa Nyirabahizi.

"Aa, dada!" akasema, sauti ya watu wote kusikia. "Leo Birika imekuonea huruma? Habari za Nyabusozi? Habari za safari?"

Na Theodosia, ambaye sijawahi kumwona akimpita hata mlevi bila kumsalimia, alimpita. Alimpita kama nguzo. Akaingia ndani amelowa jasho kutoka kichwani hadi viatuni, mimi nyuma yake, tukamkuta Uwase amekaa kwenye ukingo wa kitanda amefunikwa shela. Aliposikia hatua zetu akainua kichwa.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba mwanangu, tutasalimiana baadaye. Simama."

Akamshika mkono. Wakatoka. Theodosia alitaka kusema lile neno, mdomo ukafunguka na sauti haikutoka, nikafikiri sasa Nyirabahizi atalisema yeye. Halafu likatoka. "Huyu ni wetu," akasema, na akarudia, "Ni wetu huyu," machozi na jasho vikashuka pamoja. Nililia mimi, alilia Celestini, na Fabiani, ambaye hakuna aliyemhusu pale, alilia kuliko wote.

Jioni, watu wamekula wameshiba, Theodosia alituita mimi na Fabiani kwenye gari. Akafungua boneti mwenyewe. Akanyoosha kidole kwenye waya uliokuwa unaning'inia na utepe wake mweusi.

"Hii nini?"

Fabiani akaangalia viatu vyake. Mimi nikatazama milima ya upande wa pili, ambayo inapendeza sana jioni.

"Nilisikia feni inanyamaza pale kwa Esperansia," akasema. "Mimi nimesikiliza mapigo ya mioyo ya watoto ambao hawajazaliwa. Unafikiri nitashindwa kusikia feni?"

"Nisamehe mama," Fabiani akasema, akainama haraka kuunganisha. "Naiunga sasa hivi."

"Acha kwanza." Akamsogelea, akashusha sauti, maana wakwe walikuwa wanapita. "Unaweza kuniwekea swichi? Hapa chini ya usukani, karibu na goti langu, mtu aliyesimama dirishani asiione."

"Swichi ya kuzima feni? Mama, gari itachemsha!"

"Haitachemsha, nitaondoka. Wale wote ni watoto wangu, Fabiani. Mimi siwezi kuwaambia nina haraka. Gari linaweza."